Skrini Pana, Ukurasa Mrefu

Chukua rula upime. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa 21. Kompyuta mpakato ya inchi 15.6, ile iliyo mikononi mwa wengi wetu, ina kioo chenye upana wa sentimita 34 na nusu hivi, lakini kimo chake ni 19 na kidogo tu. Maana yake ukurasa mmoja wa kawaida hauenei humo kwa ukubwa wake halisi. Theluthi yake inabaki nje, na hapo bado hujatoa sehemu inayoliwa na menyu juu na mstari wa programu chini. Pembeni sasa, kushoto na kulia, kuna uwanja mtupu wa kuchezea bao.

Kwa anayetazama filamu, hakuna shida. Lakini anayehariri hadithi, anayefasiri, anayeandika tasnifu pale Chuo Kikuu cha Ushirika, au anayesoma nyaraka za zamani zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, anaipata adha kila siku: teremsha, pandisha, teremsha tena, mpaka unasahau sentensi ilianzaje. Ndipo mtu anakwenda mjini Moshi kuulizia monita ya kuchomeka kwenye mpakato wake. "Mangi, ipi nzuri?" Na jibu huwa lile lile: "Chukua kubwa, kaka. Tena pana."

(Mangi, kwa wasomaji wa mbali, kilikuwa cheo cha mtawala wa Kichagga. Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote. Leo hii kila mwenye duka nchini ni mangi. Vyeo navyo huenda mtumba.)

Kwa nini pana? Muuzaji hana jibu, na hana kosa. Upana ule haukuamuliwa Moshi, wala haukuamuliwa na watu waliokuwa wakifikiria maandishi. Lakini namna tulivyoupokea bila kuuliza ina historia yake hapa kwetu, na historia hiyo inasaidia kuchagua kuliko tangazo lolote la dukani.

Tuanze na karatasi, maana ndiyo iliyotangulia. Mteremko wa Kilimanjaro ulijua ukurasa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Wamisionari wa Leipzig walijenga shule na kuchapisha kwa lugha za Kichagga. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alitoa mwaka 1926 kitabu cha sheria za Wachagga chenye zaidi ya kurasa 700, kwa Kijerumani kizito kama jiwe la kusagia. Mwaka mmoja kabla yake wakulima wa kahawa walikuwa wameunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado ni alama ya mji. Ushirika ni daftari: jina la mkulima, kilo, fedha, kisha jina linalofuata chini yake. Orodha ya wakulima hukua kwenda chini, kama mizizi. Hakuna karani wa chama cha msingi, Machame wala Marangu, aliyewahi kuhitaji daftari pana kama mkeka.

Halafu miaka ya 1950 likaja gazeti la Komkya, la Baraza la Wachagga, ambalo jina lake ni "kumekucha" kwa Kichagga. Gazeti nalo lina akili yake ya zamani. Hata likiwa kubwa kiasi gani, maneno yake hupangwa katika safu nyembamba zinazoshuka. Jicho halipendi kusafiri mbali kwenda kulia, kwa sababu likirudi kushoto linapotea, halijui lilikuwa mstari gani. Wachapaji walilijua hilo karne nyingi kabla ya kompyuta. Fungua kitabu chochote ulicho nacho, hesabu herufi za mstari mmoja. Nyingi ya zinazosomeka vizuri ziko sitini, sabini hivi. Na mshairi wa Kiswahili ana raha kuliko sote: mshororo wake wa mizani kumi na sita unaenea popote, hata kwenye simu.

Skrini ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, kule milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu fupi na kuzizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Lori linafika, kitambaa kinatandazwa, watu wanakusanyika gizani. Miongoni mwa filamu zile kulikuwa na moja ya kahawa chini ya kivuli cha migomba, somo ambalo mtu wa Kibosho angeweza kumfundisha mpiga picha mwenyewe. Baadaye mji ukapata kumbi za sinema, Plaza ikiwa mojawapo, na watu wakalipa kuona filamu za Kihindi na za Kimarekani.

Kwa hiyo tangu mwanzo skrini kwetu ilikuwa ukuta wa kutazama pamoja, ukiwa umekaa mbali. Maandishi yalipotokea juu yake yalikuwa majina ya waigizaji, na wengi walikuwa wameshaanza kutoka.

Mashine ya kukokotoa ilifika kivyake, na ilifika bila skrini. Kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mashine za kizazi kile zililishwa data kwa kadi au utepe uliotobolewa, zikatema karatasi. Kadi ile, kwa njia, ndiyo iliyotuachia urithi wa ajabu: IBM walipoipanga mwaka 1928 waliipa nguzo 80, na skrini za maandishi zilipokuja baadaye nazo zikapewa nafasi 80 kwa kila mstari. Programu nyingi bado zinaiheshimu namba hiyo bila kujua ni kipimo cha kipande cha karatasi ngumu.

Mahesabu ya serikali kwa kompyuta hayakwenda vizuri. Gharama za fedha za kigeni zilikuwa kubwa, wataalamu walitoka nje, na kazi ikakwama. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nayo haikuruhusiwa Bara. Hoja iliyosikika sana ilikuwa kwamba ni anasa ya wachache wa mjini, na nchi ilikuwa na kazi nyingine. Zanzibar walikwenda njia yao, wakawa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, na watu wa Bara wakabaki na redio.

Sitaki kuilaumu amri ile kwa miwani ya leo. Mtu aliyeona fedha za kahawa ya Kilimanjaro na pamba ya Sukuma zikinunua mashine isiyofanya kazi alikuwa na haki ya kukasirika. Ila tazama mwaka wenyewe. Mwaka mmoja tu kabla, 1973, huko Palo Alto, California, maabara ya Xerox ilikamilisha kompyuta iliyoitwa Alto. Kioo chake kilikuwa kimesimama wima: pikseli 606 kwa upana, 808 kwenda juu. Pikseli ni vile vitone vya mwanga vinavyojenga picha. Waliifanya hivyo kwa sababu walitaka ifanane na karatasi. Walikuwa kampuni ya mashine za kunakili, walijua ukurasa unavyokaa mezani. Na wazo halikufa nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Radius iliuza monita ya ukurasa mzima kwa watu wa Macintosh, kisha ikaja nyingine ya kuzungusha, leo wima, kesho kulala. Apple nao walikuwa na ya kwao ya wima.

Yaani kulikuwa na miaka kama kumi na mitano hivi ambapo skrini ilijaribu kuwa ukurasa. Miaka hiyo sisi mlango wetu ulikuwa umefungwa, au umeachwa wazi kidogo tu kwa kibali, maana marufuku ilianza kulegezwa taratibu miaka ya 1980. Hatukuwahi kuizoea skrini ya wima hata tukaweza kuikumbuka. Ofisi ziliendelea na taipureta, ambayo, ukiifikiria, ni mashine inayoonyesha ukurasa wima kwa ukubwa wake halisi.

Kisha 1994 mlango ukafunguka kwa kishindo. Televisheni za kwanza za Bara zilianza mwaka huo, na aliyeanzisha ITV alikuwa mtoto wa Machame, Reginald Mengi. Kinachonifurahisha katika habari zake ni kwamba hakuanza na skrini. Alisomea uhasibu Uingereza, na biashara yake ya kwanza ilikuwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, zama bidhaa zilipokuwa adimu na kalamu ikawa kitu cha kutafutwa. Kutoka kalamu hadi televisheni, safari yote hiyo katika maisha ya mtu mmoja! Nyumba nyingi za Kibosho, Rombo na Old Moshi zilipopata kioo cha kwanza sebuleni, kilikuwa televisheni yenye chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kompyuta ilikuja baadaye, kwenye vibanda vya intaneti, nayo ikiwa na chogo lake, na kila mtu aliiona kama ndugu wa ile ya sebuleni.

Na ilikuwa ndugu kweli. Umbo la nne kwa tatu, upana nne na kimo tatu, lilitoka kwenye filamu ya milimita 35 iliyopangwa katika maabara ya Edison miaka ya 1890. Televisheni ikalichukua kwa sinema, monita ikalichukua kwa televisheni. Miaka ya 1950 watu wa Hollywood, wakiona wateja wanabaki nyumbani, wakapanua skrini zao ili sinema itoe kitu ambacho sebule haikuwa nacho. CinemaScope ilianza 1953. Miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers akatafuta umbo moja ambamo filamu pana na televisheni ya zamani zingeingia zote bila kupoteza nafasi kubwa. Alikata mistatili ya maumbo yote yaliyotumika, yenye eneo sawa, akaipanga mmoja juu ya mwingine. Kilichopatikana ni kumi na sita kwa tisa. Ni suluhu nzuri sana ya ugomvi kati ya sinema na televisheni. Ukurasa haukualikwa kwenye kikao hicho.

Kuanzia kama 2008 viwanda vya vioo vikaona ni rahisi kukata umbo moja kwa televisheni na kompyuta zote, na mpakato zikawa fupi. Pikseli 1366 kwa 768 zikawa kipimo cha mpakato wa bei nafuu kwa zaidi ya miaka kumi. Hapa kwetu jambo hilo likaungana na jingine: uzimaji wa analojia ulianza Dar es Salaam usiku wa kuamkia 2013, Moshi ikafuata miezi michache baadaye, watu wakanunua ving'amuzi, na wengi wakabadilisha na kioo chenyewe. Chogo likatupwa, bapa likaingia. Pana ikawa ndiyo maana ya "nzuri".

Sasa twende dukani na rula yetu.

Watu wa Moshi tunaujua mtumba. Memorial na Kiboriloni wametuvalisha. Katika monita pia kuna mtumba, na humo kuna kitu ambacho wauzaji wenyewe hukidharau. Ni zile monita za mraba-mraba, inchi 17 na 19, za umbo la tano kwa nne, zilizotoka maofisini Ulaya walipohamia kwenye pana. Zimekaa chini kabisa ya rafu, mara nyingine na vumbi lake. Zina pikseli 1280 kwa 1024. Linganisha: mpakato wako una safu 768 kwenda chini, hiyo inayodharauliwa ina 1024. Unaongeza robo na zaidi ya mistari ya maandishi. Na ya inchi 19 ina kimo cha sentimita 30 hivi. A4, tulisema, ni 29.7. Ukurasa unaingia mzima, kwa ukubwa wake. Kwa mwanafunzi wa tasnifu mwenye pesa kidogo, sijaona kitu cha kuishinda.

Ila kagua. Nyingi za kizazi hicho zinamulikwa kwa taa ndogo za mirija, ambazo hufifia na kugeuka manjano kadiri zinavyozeeka, na hula umeme zaidi kuliko za LED. Mwambie muuzaji aiwashe, mfungue ukurasa mweupe mtupu, muache dakika kumi. Angalia pembe zimefanana na katikati au zimeingia moshi. Tafuta vitone visivyobadilika na mistari iliyosimama. Geuza nyuma usome lebo, mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umeandikwa. Halafu tazama tundu: nyingi zina VGA tu, mtindo wa 1987, au DVI. Mpakato mpya una HDMI, mara nyingine USB-C peke yake. Kutoka HDMI kwenda VGA kunahitaji adapta yenye saketi ndani. Waya mtupu hautoshi. Na si kila USB-C hutoa picha, hata kama umbo la tundu ni lile lile, kwa hiyo nenda na mpakato wako mkajaribu pale pale.

Ukiwa na fedha zaidi, inchi 24 ndiyo ninayoipendekeza. Ya kumi na sita kwa tisa, yenye pikseli 1920 kwa 1080, ina kimo cha sentimita 29.9. Ukurasa unaenea kwa unywele, menyu inakosa pa kukaa, lakini unaweza kuweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu: asili kushoto, tafsiri kulia. Mfasiri akishaonja hilo harudi nyuma. Ukiikuta ya kumi na sita kwa kumi, 1920 kwa 1200, usiiache. Ina sentimita 32, ukurasa na menyu vinakaa pamoja bila kusukumana. Zilikuwa nyingi maofisini na hufika mtumba. Watengenezaji wa mpakato wenyewe wameanza kurudi kwenye umbo hilo miaka ya karibuni, wakilitangaza kama uvumbuzi.

Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 mimi siipendi. Ni vitone vile vile vilivyotandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, herufi zinakuwa na meno. Ikiwa 27, basi iwe 2560 kwa 1440.

Na televisheni je? Watu wengi wana bapa ya inchi 32 sebuleni na wanauliza kwa nini wasiitumie. Nyingi za bei nafuu ni 1366 kwa 768, namba ile ile ya mpakato, kwa hiyo unapata maandishi makubwa lakini huongezi hata mstari mmoja. Zimetengenezwa kutazamwa kutoka kwenye kochi. Zingine hukata kingo za picha, na zingine hupunguza ukali wa rangi za herufi ndogo. Ukiingia kwenye mipangilio ukachagua hali ya kompyuta, kama ipo, mambo hupungua. Kwa mpira na tamthilia iache ilipo.

Kinachobaki ni jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya Moshi, nalo halina gharama: isimamishe wima. Chukua ile pana ya inchi 24, igeuze ilale kwa ubavu wake. Sasa una kimo cha sentimita 53 na upana wa karibu 30. Kurasa za Gutmann zilizopigwa picha zinaingia moja moja, nzima, na tanbihi zake chini. Gazeti la zamani linasomeka safu hadi safu. Madaktari wa picha za eksirei duniani kote hutumia monita za wima kwa sababu kifua cha mtu ni kirefu kuliko upana wake. Mswada nao ni hivyo hivyo. Kwenye mipangilio ya skrini ya Windows kuna sehemu ya mwelekeo, unachagua wima, basi. Hakikisha tu kioo ni cha aina ya IPS, kwa sababu vile vya TN, ukivigeuza, jicho la kushoto na la kulia huona rangi tofauti, na kichwa kitauma kabla ya saa sita.

Tatizo ni kiguu. Monita nyingi za bei nafuu zina kiguu kisichozunguka. Lakini igeuze nyuma: nyingi zina matundu manne ya skrubu, yamepangwa mraba wa sentimita 10 kwa 10, au 7.5 kwa 7.5, kipimo kinachofuatwa na viwanda vyote. Chora matundu hayo kwenye karatasi, mpelekee fundi seremala. Ubao wa mgrivilea kutoka kihambani unatosha, kitako kiwe kizito na kipana, skrubu ziwe za milimita 4 na zisiwe ndefu, zisije zikagusa saketi ndani. Mwambie kioo kitasimama wima. Atakuuliza mara mbili kama una uhakika.